Somo la Kukaa

Łódź, mwezi wa pili, theluji imegeuka tope,
na Halszka amepata kazi ya siku tisa:
kumfundisha mwigizaji kukaa.

Si kukaa tu. Kukaa kama yeye.
Mkataba unamwita mshauri wa mwendo,
yeye ambaye shule, benki na kanisa
vilikwisha kumwambia mwendo hana.

Studio ni kiwanda cha zamani cha pamba.
Vidato saba mlangoni. Bawabu anaomba radhi,
anamzungusha nyuma, lango la mizigo,
pamoja na taa, nyaya, na sanamu ya farasi.
Karibu, angesema farasi,
kama naye angeandikiwa maneno.

Kornelia, mwigizaji, ni mwema, na hapo ndipo penye shida.
Amelia tangu alfajiri akisoma muswada.
Mikono ameilaza mapajani kama mjane,
macho ameyatupa dirishani.
"Hivi?"
"Unatazama nini?"
"Siku zangu za kutembea."
"Mimi sikuwahi kuwa nazo.
Dirishani huwa natazama kama tramu inayokuja
ni ile ya sakafu ya chini.
Ile kuukuu ina ngazi tatu
na dereva wake hujifanya haoni."

Somo la kwanza: usiguse magurudumu
kama unayeyaomba msamaha.
La pili: glavu. Theluji hung'ang'ania mpira,
mpira huileta kiganjani,
hadi jioni vidole havijui kifungo ni kipi.
La tatu halikufundishwa. Halszka alikuwa na njaa.

Ukurasa wa themanini na mbili:
msichana anaagana na mpenzi, asije akamlemea,
kisha anajisukuma hadi bwawani.
Fidla. Maji. Mwisho.
Mwongozaji, bwana Dobiesław, anaapa watu watalia.
"Watalia," anasema Halszka, "halafu wataenda kula.
Mimi nitatoka nao ukumbini,
na kila jicho lenye machozi litaniuliza
mbona bado upo."

Usiku Ewaryst, rafiki yake kiziwi, anamwandikia:
Umewauzia ngozi yetu.
Anajibu: Kodi ya nyumba hailipwi kwa msimamo.
Anafuta. Anaandika tena. Anafuta.
Anatuma picha ya supu.

Kiziwi, nimeandika, na kalamu haikusita.
Hapa ndipo nami nashikwa pabaya.
Lugha yangu, tamu kama ilivyo,
inanipa kiziwi, kipofu, kiwete,
ngeli moja na kijiko, kiatu, kiti,
vitu vinavyongoja kuchukuliwa.
Nashika mlemavu: huyu angalau anakaa, anadai, anakataa,
ila ndani yake kilema kimejibanza, nakisikia kikipumua.
Na ule msemo wetu, hujafa hujaumbika,
tunausema kwa sauti ya chini tukimpita mtu
kana kwamba yeye ni onyo lililobandikwa njiani.
Halszka ameumbika. Alimaliza zamani.
Ana kikohozi, ana deni la simu, ana ulimi.

Na mimi nani kanipa kibali?
Nimeingia kwake kwa lango la mizigo.

Siku ya tisa bwawa limebaki pale pale,
ila fidla imepunguzwa.
Ndio ushindi wote, na hakuna aliyepiga makofi.
Saa ya chakula Kornelia anainuka kitini,
anakwenda kufuata mkate,
na hakuna anayegutuka
isipokuwa gurudumu moja linalozunguka kidogo, kisha basi.
Kiti cha studio: kipana, cha hospitali,
hakuna mtu angekichagua.
Halszka anakitundikia skafu yake ikauke.

Baadaye, kituoni, upepo unachoma masikio.
Bibi mmoja anamwekea sarafu mapajani.
Anamrudishia. Bibi anakasirika.
Tramu ya sakafu ya chini, dakika kumi na nne.
Si mfano wa subira, wala wa ushujaa,
wala wa lolote nililotaka mimi nilipoanza.
Anangoja tramu. Miguu ina baridi.
Skafu ameisahau.