Sindano Mia Mbili

Wananiuliza kana kwamba nina pua ya mbwa:
"Radka, hili nilipakue? Radka, hili ni salama?"
Wafumaji wa Gabrovo, na wengine nisiojua waliko,
wenye mashine za sindano mia mbili
ambazo kiwanda kilichoziunda kilifungwa zamani,
na sasa hazisikii la mtu
ila la programu ndogo
iliyoandikwa usiku na mtu asiyelipwa.

Nilikuwa mkaguzi wa nguo.
Miaka kumi na tisa kando ya mto Yantra
nikipitisha kidole juu ya mishono,
nikitafuta uzi mmoja ulioruka.
Kiwanda kikafa. Kidole kikabaki.

Naanza na uzito.
Programu ya kusoma mchoro wa sweta
ina shughuli gani na megabaiti mia nne?
Kisha zile herufi na tarakimu sitini na nne,
alama ya mwandishi mwenyewe.
Nazisoma kwa sauti, Penka anazifuata kwa penseli:
saba, c, sufuri, sufuri, e.
Tukipotea, tunaanza upya.
Watu husoma nne za mwanzo na nne za mwisho
wakaenda zao kulala.
Mimi nang'ang'ania za katikati.
Mshono mbovu hufichwa kwapani, si kifuani.

Januari yalikuja mafaili mawili, wiki moja.

La kwanza lilikuja limeoga, limechana nywele.
Picha safi, maelezo kwa lugha sita,
shukrani mia mbili na kumi na moja,
zote za Jumanne ileile,
zote zimefungwa kwa alama tatu za mshangao.
Kinga-virusi ikasema: halina neno.

La pili, kama mtu aliyelala zizini.
Jina lake: jaribio_mwisho_KABISA_3.
Hakuna picha, hakuna aliyeshukuru.
Kinga-virusi ikapiga mayowe, skrini ikawa nyekundu.
Na aliyelileta alijiita Tsvetan Minkov,
ambaye tulimzika Novemba,
nami nikatupa gao langu la udongo wenye barafu.

Nilikasirika mpaka mikono ikatetemeka.
Nani huyu anavaa koti la marehemu?
Kidole kilikuwa tayari juu ya kufuta.
Nikafungua msimbo wake kwanza, nijue ninachokichukia,
na kando ya mstari wa tisini na mbili
nikakuta: "Sindano ya 117 kwa Radka ni mlevi.
Mpe nafasi, usimsukume."

Sindano hiyo naijua mimi, na yeye aliyeinyoosha.

Hata hivyo sikuamini. Nikapiga simu nyumbani kwake.
Mkwewe Desislava akapokea, kelele za kukaanga nyuma yake:
alilikuta kwenye kompyuta ya mzee, akalipakia
kwa nywila iliyobandikwa ndani ya kabati la sufuria.
Nikamgombeza kwa nywila. Tukalia kidogo. Nikamgombeza tena.

Nina kompyuta kuukuu nisiyoiunganisha na intaneti,
inakaa jikoni karibu na mitungi ya pilipili za kuchoma.
Humo nikayafungua yote mawili, kila moja kwa zamu.
Lile safi halikufuma hata safu moja.
Usiku wa tatu, saa tisa, likaamka peke yake
likipapasa kuta, likitafuta mlango wa kutokea.

Sasa wanataka kanuni, niiandike kwa ufupi.
Sina. Kinga-virusi hupigia kelele asiyemjua,
kama mlinzi aliyeajiriwa jana,
na shukrani siku hizi zinauzwa kwa kilo.
Chini ya faili la Tsvetan niliandika tu:
"Linatisha, lakini ni lake. Nimepiga simu.
Alama yake ndiyo hii. Msinitegemee mimi,
isomeni wenyewe, pamoja na katikati."

Kisha nikatia sufu ya kijivu, nikasukuma gari la mashine.
Sindano ya mia na kumi na saba
ikaruka tundu moja, ikasita,
ikashika.