Robo Saa Ndani ya Mfuko

Chengo wa Kongowea aliniapia kwa ndevu zake:
wote hawa wanapatana, dada, chukua.
Nikachukua. Malaika wawili, mapezi marefu kama shela,
na milia sita, wachangamfu kama watoto waliotoka chuoni.
Kufika Jumatatu
malaika wamebaki na vijiti mgongoni.
Milia hawakuwa na njaa. Meno tu yaliwawasha.

Nilikwenda kugomba. Chengo akacheka:
mkorofi usimpunguze, mwongeze wenziwe, wawe kumi,
watatafutana wao kwa wao.
Ikawa kweli, nami nikamchukia zaidi.

Tangi lenyewe lilikuwa kioo cha dirisha la duka.
Ndugu yangu Shamte alilikata kwa mkono wake, Makupa,
akaliziba kwa silikoni, akalijaza maji uani siku tatu
akilizunguka kutafuta tone.
Halikuvuja. Wiki ile ile akapanda ndege ya Doha.

Na maji ya Tudor, nani asiyeyajua?
Ya bomba huja Jumanne, yakija, yananuka dawa;
nayalaza ndooni usiku kucha, wazi, harufu ikate.
Ya kisima yanakataa sabuni.
Neoni kumi na wawili waliingia na taa zao zinawaka,
wakazimika mmoja mmoja, bila ugomvi.
Niliwashuku milia. Niliwakesha kama askari.
Hakuna aliyewagusa.
Maji ndiyo yaliyowakataa.

Gapi na moli nikawapa chumvi hiyo hiyo
wakazaa hadi nikawagawa ngazi nzima kwa vikombe vya chai.

Bi Mwanasiti wa chini, kwa mapenzi yake,
nilipokwenda matanga Lamu,
alimwaga maji yote, akasugua mawe kwa sabuni ya unga,
akaniita nione kioo kinavyong'aa.
Wanane walielea juu, weupe, safi kabisa.
Sikusema kitu. Nilimshukuru, nikaingia jikoni.
Tangu hapo ni robo tu, kila Ijumaa,
na uchafu kidogo naacha makusudi.

Badi aliletwa Jumapili, umri miaka tisa,
na begi la shule lisilo na kitabu.
Mama yake kaolewa Malindi; mume mpya hataki kelele.
Watu wakamjia: sema shikamoo, kula, vua viatu,
mbona huongei, una ulimi?
Nikawaambia, mwacheni.

Maana samaki mgeni humwagi tu.
Unaueleza mfuko juu ya maji, umefungwa bado,
joto la ndani lijuane na la nje.
Robo saa. Kisha kikombe kimoja cha maji ya nyumba.
Unangoja. Kingine.
Yeye anapiga kioo kwa pua, haelewi kwa nini
anaona nyumba na haingii.

Siku kumi na moja Badi alikaa mlangoni, begi mapajani.
Nilimpitishia chai. Kesho yake, chai na kitumbua.

Februari, joto la kuchemsha ukuta,
umeme ukakatika saa saba za usiku.
Pampu ikanyamaza; ukimya ule ndio uliniamsha.
Nikatia chupa ya barafu ielee,
nikashika bilauri: nachota, namimina kutoka juu,
nachota, namimina, maji yapate pumzi.
Mkono ulikufa ganzi kabla ya adhana.

Sikumsikia akija. Alikuwa peku.
Alisimama akihesabu kwa kidole, midomo ikicheza.
"Shangazi, milia ni tisa."
Mmoja alikufa Alhamisi, nikamwambia.
"Na ulisema wawe kumi."
Nilisema.
"Sisi tuko wawili tu."
Gari la maji lilikuwa likipanda kilima, linaguna.
Sikumjibu. Nilimpa bilauri.
Alimimina kutoka juu sana, akalowesha zulia lote,
na wale wakorofi wakakimbilia povu.