Sifuri Thelathini na Saba

Ubaoni, Kidato cha Nne B, Nyakato,
nimeandika nukta, kisha sifuri thelathini na saba,
kisha moja, yenye haya, pembezoni kabisa
pale ubao ulipomegeka.
Chaki ilikatika mara mbili njiani.
"Gramu hizo," nikasema. "Ndiyo tofauti yote."

Ng'ambo, katika handaki refu
kuliko barabara ya kutoka hapa hadi Usagara,
wameifuma chembe ikigeuka kinyume chake:
maada, halafu kinyume cha maada, halafu,
kama bado haijafa, maada tena.
Hutembea milimita chache tu. Haina muda wa kuaga.
Na msije mkasema niliwadanganya: haivui shati
ili ivae jingine. Huvaa yote mawili.

Masalu, mtoto wa mpima dagaa wa Mwaloni,
anayejua mzani unavyodanganywa kwa kidole gumba,
akauliza: "Waliipima kwa mzani gani, mwalimu?"
Hawakuipima. Walihesabu
mamilioni zilizokufa, na kila moja ilifia wapi.
Darasa likaguna. Nikageukia ubao
nifute kitu kisichohitaji kufutwa.

Mimi ni Shija. Wenye kujua wanajua:
Shija hufuata pacha.
Kulwa na Doto walinitangulia, Igogo,
nyumba iliyokaa juu ya mwamba.
Kliniki mshale ulisimama palepale kwa wote wawili;
nesi akaugonga mzani, akidhani umekwama.
Mama hakuhitaji mshale. Aliwabeba gizani,
mmoja kila mkono, huyu Kulwa, huyu Doto,
na hakukosea hata siku moja

hadi mwaka wa kipindupindu,
alipobaki mmoja.

Tangu hapo huita, "Kulwa, njoo ule,"
na Doto huja, hunawa, hula.
Hajawahi kumsahihisha.
Jana nilimpigia simu. Akapokea:
"Kulwa hapa." Kisha kimya. Kisha
akacheka kicheko kisicho cha Doto.

Wanasema hapo mwanzo vilikuwa sawasawa,
maada na kinyume chake, na vikikutana
vinakuwa mwanga mtupu, basi.
Pengine palikuwa na hitilafu, ndogo, ya gumba mzanini,
ndiyo maana yamebaki haya mawe, ziwa,
ugali wa udaga,
Doto.
Kwa nini yeye? Mtihani hauulizi.

Kengele ikalia. Wenzake wakamwagika nje.
Masalu akabaki, uso karibu na ubao,
midomo ikicheza.
"Mwalimu, ziko thelathini na sita."

Nikahesabu. Kweli.
Nikaifuta ile moja, nikaweka sifuri mahali pake,
na kwa kuwa ubao ulikuwa umekwisha
moja nikaiandika ukutani.