Jani Lenye Mfuko

Tumepiga magoti kando ya Getathuru,
mimi na Syombua, suruali zimelowa,
lenzi yake imefungwa kwa kamba ya kiatu.
"Usiniambie ni kijani. Hapa nini si kijani?
Sema unachoona."

Naona majani safu mbili, bapa,
unyoya uliokanyagwa.
Mshipa mmoja wa kati, haufiki nchani.
"Na chini, penye kishina?"
Nazuia pumzi, lenzi isiingie ukungu.
Chini jani limepasuka kubavuni,
likafanya mfuko, likakumbatia kishina
kama bahasha isiyotiwa gundi.

"Basi jenasi umeijua.
Spishi tutabishania kwenye hadubini."

Maji yanapita na soli ya kandambili,
povu la sabuni la mitaa ya juu.
Mafuriko ya Aprili yalibeba daraja la mbao, misumari na yote;
kuvumwani hii, fupi kuliko ukucha,
haikubanduka.

Nakunja gazeti la Jumanne.
Naandika: jiwe jeusi, kivuli, maji ya magoti.
Penye jina naacha mstari mtupu.

Njia nzima hadi Limuru Road
naupapasa mfuko wa shati.
Bado kuna unyevu.