Kidevu Juu

Kabla ya upanga kulikuwa na mpini wa kijiko,
na kabla ya mpini, kidole chake mwenyewe,
asubuhi na jioni juu ya ndoo ya bati
nyuma ya trela, mama akitapika kahawa,
akijifuta, akianza tena.
Alikuwa na miaka kumi na tisa, Verda Lusk,
na koo lake lilikuwa bado linajua kukataa.

"Koo halifundishwi kumeza," aliniambia.
"Linafundishwa kunyamaza."

Tuliondoka Florida michungwa ikianza kunukia,
tukafuata maonyesho ya wakulima, Georgia, Tennessee, Iowa,
mahindi mabichi wakati wa kwenda, mabua wakati wa kurudi.
Hemani mwetu alikuwamo Orrin, mla moto,
ambaye nyumbani aliogopa jiko la gesi;
Bi Philomena, ndevu zake zikinukia sabuni,
aliyenifundisha hesabu za kugawanya;
na Casimir wa tatuu, shingo hadi kisigino,
aliyevaa mikono mirefu Jumapili
ili mchungaji, alisema, asisome wakati wa kuhubiri.

Wakulima hawakumwamini mama. Kila usiku
mmoja wao husimama, kofia kwapani:
Upanga huo unajikunja, dada.
Mama humpa aushike.
Inchi ishirini na mbili za chuma.
Mtu yule huurudisha kwa mikono miwili
kama anayerudisha mtoto aliyelala.

Kisha kitambaa. Mbele na nyuma, lazima ufute;
unyuzi mmoja wa pamba huleta kikohozi,
na kikohozi ndicho kinachoua.
Kisha kidevu juu, juu zaidi,
mpaka mdomo na koo na tumbo viwe njia moja iliyonyooka,
na chuma kishuke baridi kando ya moyo,
nao moyo ukisukume. Nilikuwa nikiuona mpini
ukitikisika pale midomoni, tiki, tiki,
kama mshale wa saa uliokwama.
Hakuna kiinimacho. Hilo ndilo watu hawakumsamehe.

Baba alipoondoka na muuza peremende kule Dubuque,
mama alimeza panga tatu kwa mpigo.
Hatukulizungumza.
Mambo mengi ya nyumba yetu yalishuka kwa njia hiyo hiyo.

Sasa ni Februari, hospitali, Tampa.
Nusu ya uso wake imelala na haiamki.
Maji anayopewa yametiwa unga yawe mazito,
kwa kuwa maji mepesi yanampalia.
Yeye. Anapaliwa na maji.

Marisol, nesi kijana, ananionyesha:
kijiko kidogo, subiri, kidevu chini,
chini kabisa, kiguse kifua, ndipo ameze.
Namwambia mama, kidevu chini.
Anakiinua.
Miaka arobaini na moja ya taa na unga wa mbao
inamwinua kidevu.
Chini, mama.
Juu.
Marisol anaandika kwenye faili kwamba mgonjwa haelewi.

Nafuta kijiko kwa leso, mbele na nyuma,
bila kufikiri, na hapo macho yake
yanageuka kuitazama leso,
kisha mimi.
Polepole, kama anayeshuka ngazi gizani
katika nyumba isiyo yake,
anashusha kidevu.
Koo linapanda. Linasita.
Linashuka.

Mkono wake wa kushoto, ule ulio hai,
unatoka chini ya shuka, unanyooka pembeni,
kiganja wazi,
unangoja.
Marisol anauliza, anataka nini? Maji?
Naweka bakuli chini.
Napiga makofi, peke yangu, mpaka mwenye kitanda cha pili
anasogeza pazia kuuliza kuna nini.

Bado vijiko kumi na kimoja.