Mifuko ya Asajile

Daftari langu la vipimo lina jina lake mara hamsini na tatu.
Kifua thelathini na sita. Kiuno thelathini.
Mkono wa kulia umemzidi wa kushoto kwa nusu inchi,
jambo ambalo hakuna mtazamaji wa Mbeya aliyeligundua
ila mimi, nyuma ya pazia, pini mdomoni.

Alikuja kibandani kwangu Mwanjelwa, miaka mingi kabla soko halijaungua,
matope ya Tukuyu bado yamemganda visiginoni.
Nishonee koti la bawabu, akasema.
Bawabu mwenyewe alikuwa na sentensi moja: "Mzee hayupo."
Nikamwuliza, sentensi moja, mifuko ya nini?
Akanitazama kama nimemtukania mtu.
"Mama Bupe, ufunguo anauweka wapi?
Karanga zake? Barua ya mwanawe,
ile anayoogopa kuipeleka kwa msomaji, anaificha wapi?"

Nikashona mifuko minne.

Ndivyo tulivyoishi miaka thelathini na mmoja.
Hakimu mwenye gesi, kilo nzima ya pamba tumboni.
Karani wa kodi. Padre anayesinzia kwenye ungamo.
Mgonjwa wa kitanda cha pili, asiye na neno, anakohoa tu,
na wauguzi waliokuja kutazama
wakajikuta wamesimama.
Maiti pia. Maiti mara saba,
na kila maiti alidai mfuko wake.

Kuna mwaka tulimpaka unga wa sembe usoni
akawa Bwana Disii, kaptula ya kaki nimeipiga pasi hadi inakata.
Ukumbi wa Mafinga ulivunjika mbavu.
Kisha akakaa, akavua kiatu,
akaitazama soksi iliyotoboka kwa muda mrefu mno,
mzungu aliye mbali na kwao, hana wa kumtilia kiraka.
Kicheko kikafa chenyewe.
Taa zilipowashwa, Mwingereza mmoja mzee wa mashamba ya chai
alikuwa bado kitini. "Huyo ni baba yangu," alisema.
"Mmempata wapi?"
Asajile alikuwa uani, anaosha sembe kwenye ndoo.

Ufalme aliupata mara moja tu.
Njombe, baridi ya Juni, Ngailo jogoo wetu kalazwa na malaria.
Maneno aliyajua; alijua ya kila mtu.
Lakini kila mtumishi alipoingia
mfalme alisogea pembeni kumpisha kwenye mwanga,
hadi kiti cha enzi kikabaki katikati peke yake,
kimemulikwa vizuri.
Watu hawakuzomea. Walipiga miayo.
Tulirudi juu ya magunia ya viazi, na pale Makambako
upepo unapochuna ngozi, akasema,
"Mfalme hana kazi ya mikono."
Sikumwelewa. Mpaka leo sina hakika.

Watoto wa Uyole walimwita majina yote isipokuwa lake.
Mama mmoja sokoni alimdai kuku
aliyemwona kamwiba jukwaani.
Alimlipa.

Amekufa Machi.
Msibani kwao watu walikaribia kushikana mashati:
alikuwa padre, bwana! Padre gani, karani yule, alinikadiria kodi!
Mwanawe Lugano alileta suti ya dukani, ya bei.
Nikaipindua. Mifuko ya uongo,
mshono tu, ndani hakuna kitu.
Nikaomba mkasi.

Nilifumua usiku kucha kwa tochi ya simu,
mvua inapiga migomba kama watu wasiojua wakati wa kuacha makofi.
Mkono wa kulia nikauongeza nusu inchi.
Mifuko miwili, ya kweli, mkono unazama hadi kifundoni.

"Tumwekee nini?" Lugano akauliza.
Nikawaza ufunguo. Nikawaza chaki yangu, karanga, barua ile.
Halafu nikakumbuka kwamba leo haigizi mtu.

Tukaiacha mitupu.
Mvua ikarudi, ile ya kwao,
isiyongoja zamu yake.