Fomu ya Ng'walu

Kila Juni nalifungua faili la watumishi,
vumbi lake linanipiga chafya,
na karatasi inaniuliza yale yale ya mwaka jana.

Je, mtumishi anasoma kipimajoto cha friji asubuhi na jioni?
Anasoma. Nyuzi nne. Nyuzi nne. Nyuzi tano
usiku ule umeme ulipokatika Mwanza nzima,
akasimama mlangoni, tochi mdomoni,
akihesabu dakika kama mwenye deni
hadi jenereta ilipokohoa.

Je, anazijua dawa za kupimia kundi?
Ya bluu, ya njano, na ile isiyo na rangi.
Vitone vitatu juu ya kigae cheupe,
damu kidogo, kisha mkono unayumbisha polepole
kama anayechambua chuya kwenye ungo.
Palipogandana pana jibu.
Palipobaki laini pana jibu pia.
Hili la pili ndilo gumu kulifundisha.

Je, anafuata utaratibu wa kupokea sampuli?

Hapa kalamu inasita.

Ilikuwa saa nane usiku. Visubi wa ziwani
walikuwa wameziba kioo chote cha dirisha,
taa ikionekana kama imefungiwa gunia.
Simu ya wodi ya watoto:
"Doto Masalu, kundi B mmelipima wenyewe,
mbona damu haiji? Mtoto anahema juu juu!"
Kwenye rafu, B ilikuwepo, mifuko saba.
O ilikuwepo miwili tu,
maana shule zimefungwa,
na wachangiaji wetu wengi huvaa sare.

Ng'walu aliishika B. Akairudisha.
Akafungua daftari la Machi, lile lililoloa chai,
akateremsha kidole: Doto Masalu, miaka mitatu, O.
Akanyanyua simu.
"Dada, damu haina dirisha la usajili.
Haihami timu."
Simu ikakatwa upande wa pili.

Akapandisha ngazi mbili mbili na mirija mipya.
Kitanda kimoja, watoto wawili, homa moja.
Hakumwuliza mama, "Huyu ni Doto?"
Saa nane ya usiku mama huitikia lolote.
Aliuliza, "Huyu anaitwa nani?"
Akanyamaza mpaka ajibiwe.
"Mwenye kovu kwenye nyusi ni Kulwa.
Doto ndiye huyu, aliyepoa mikono."
Akatoa damu, akaandika jina palepale kitandani,
si kule mezani, ambako mirija ya mapacha
ilikuwa imelazwa pamoja kama wenyewe.

Kulwa B. Doto O.
Mfuko ulipanda wodini baada ya dakika ishirini na mbili.

Asubuhi yule muuguzi alishuka.
Hakusema samahani.
Aliacha mihogo ya kuchemsha, imefunikwa kwa sahani,
juu ya meza ya nje, ile ya chai,
si ya sampuli. Nami nikaona kuwa naye
utaratibu anaujua.

Fomu ina visanduku viwili: Anaweza. Hawezi.
Hakuna cha anayefungua daftari
wakati anafokewa.
Mimi mwaka wangu wa pili nilifokewa pia,
na sikufungua.
Faili langu la mwaka ule limeandikwa "mahiri,"
kwa wino mzuri, siku tisa kabla.
Liko kabati hilihili, rafu ya chini.
Huwa silitoi.

Nimeweka tiki. Nimetia sahihi.
Kwenye "Maoni ya msimamizi" nimeandika
*Huuliza jina na kusubiri jibu*,
nikaona ni fupi mno, nikaliacha.

Kisha nimekwenda kusoma kipimajoto, ingawa zamu si yangu.
Nyuzi nne.
O, mfuko mmoja.
Shule zinafunguliwa Julai.